Mtoto wa Simba Mfalme Mbele ya Watu wa Simba Mwene

Zaidi ya miaka 200 kabla ya wachoraji wa Disney kumchora Simba, Milima ya Usambara ilikuwa na mfalme wake simba. Watawala wa ukoo wa Kikilindi walioketi Vugha, kilima cha upande wa Soni na Bumbuli, waliamkiwa kwa cheo cha Simba Mwene. Cheo hicho kilianza na Mbegha, mwanzilishi wa ukoo huo, katika karne ya 18, kikapita kwa wana na wajukuu, kikavuka enzi za Wajerumani na Waingereza, hadi serikali ya Tanganyika huru ilipofuta uchifu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo filamu ya katuni ya The Lion King, iliyotoka Juni 1994, ilipopanda milima hii ikiwa ndani ya kanda ya video, ilikuta wenyeji wenye kipimo chao wenyewe cha hadithi ya mfalme simba.

Kipimo hicho kinafaa sana kwa swali linalorudi kila likizo, hasa ile ya Juni, baridi ya Lushoto inapowafungia watoto ndani na mzazi akapekua flashi kutafuta kitu cha kuangaliwa na familia nzima: je, sehemu ya pili inaifikia ya kwanza? Kwa The Lion King, sehemu ya pili ni Simba's Pride, filamu ya dakika 81 iliyotoka Oktoba 1998.

Kwa Wamarekani, hukumu ilitolewa mapema. Sehemu ya kwanza ilijaza majumba ya sinema, ikaingiza zaidi ya dola milioni 700 duniani katika mzunguko wake wa kwanza, ikachukua tuzo mbili za Oscar: moja ya muziki wa Hans Zimmer, nyingine ya wimbo wa Elton John na Tim Rice. Sehemu ya pili haikupewa hata jumba moja la sinema nchini humo. Ilichorwa kwa kiasi kikubwa katika studio ya Disney ya Sydney, Australia, chini ya mwongozaji Darrell Rooney, kisha ikapelekwa moja kwa moja madukani kama kanda. Tangu The Return of Jafar ya 1994, Disney ilikuwa imegundua kwamba mzazi atanunua kanda yoyote yenye sura ya mhusika ambaye mtoto wake anampenda. Biashara hiyo iliendelea hadi 2007, kampuni ilipotangaza kuachana nayo. Nyingi ya filamu hizo zilitengenezwa kwa haraka na zikasahaulika kwa haraka vilevile. Simba's Pride iliwekwa kapu moja nazo.

Huku kwetu hesabu ilikuwa nyingine. Kwa watoto wengi waliokulia Lushoto, Soni au Mombo miaka ya 1990, jumba la sinema lilikuwa jambo la Tanga mjini. Filamu zote, ziwe za mamilioni au za senti, zilifika kwa njia moja: kanda iliyonakiliwa mara nyingi hadi rangi zikafifia, ikatiwa kwenye deki ya jirani mwenye televisheni au kwenye kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao na pazia zito mlangoni. Baadaye zikaja DVD zilizorundikwa filamu kadhaa kwenye sahani moja, halafu flashi, sasa simu. Filamu hizo mbili, ya 1994 na ya 1998, mara nyingi zilisafiri pamoja. Hakuna aliyemwambia mtoto wa Soni kwamba hii ni ya heshima na ile ni ya dukani. Aliziangalia zote mbili na kuamua mwenyewe.

Na mtazamaji wa kibandani ana sheria zake. Filamu lazima iwe na steringi na iwe na adui. Steringi aonewe kwanza, aumie, watu wamwonee uchungu, ndipo anyanyuke. Adui atishe kwelikweli, la sivyo ushindi hauna ladha.

Kwa sheria hizo, filamu ya kwanza haina doa. Scar, ndugu yake Mfalme Mufasa, anamuua kaka yake, anamtwisha Simba, mtoto wa Mufasa, kosa la kifo hicho na kumfukuza. Nchi inakauka. Mtoto anakulia mbali, anarudi akiwa dume kamili, anadai haki yake, na mvua inanyesha. Watengenezaji wenyewe walisema wazi kwamba walimwegemea Shakespeare na Hamlet yake. Mandhari waliyafuata Kenya, na Hell's Gate iliyo karibu na Naivasha ni mojawapo ya mahali palipowapa taswira ya nchi ile. Usambara hawakufika. Hata hivyo, ile mvua ya mwisho inaeleweka Usambara kuliko pengine inavyoeleweka California.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyezungumza na wazee wa Kisambaa miaka ya 1960 na kuandika The Shambaa Kingdom mwaka 1974, alirudi kwenye suala la mvua na utawala katika kitabu chake cha 1990. Wasambaa walipoujadili utawala walizungumzia mambo mawili: kuzifya shi, kuitengeneza nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme mmoja aliyewashinda washindani wake huleta mvua na mavuno. Wakubwa wawili wakikabana, nguvu kwa nguvu, jua huwaka, mahindi hunyauka, njaa huingia. Mvua haikuwa pambo la utawala; ilikuwa kazi yake hasa. Mtoto wa Kisambaa aliyewahi kusikia mazungumzo ya namna hii kwa bibi yake hahitaji kuelezwa kwa nini nchi ya Scar imebaki mifupa.

Kuna pia Mbegha mwenyewe. Masimulizi yanamtaja kuwa mwindaji kutoka Nguu, aliyegombana na ndugu zake kwa sababu ya urithi. Mengine yanaongeza kwamba alikuwa kigego, aliyeota meno ya juu kwanza, mtoto wa kuogopwa. Alikimbia na mbwa wake na mikuki yake, akaishi porini kama Simba alivyoishi na Timon na Pumbaa. Alipofika Usambara aliwaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Akaua simba. Vugha wakamfanya mfalme. Aliyefukuzwa, akaishi porini, akarudi kwa watu akiwa na cheo cha simba: anayetaka kufupisha The Lion King kwa sentensi moja anaweza kutumia hiyohiyo.

Basi sehemu ya pili imefanya nini na urithi huu?

Tuanze na kasoro, maana zinaonekana kwa macho. Katika filamu ya 1994, tukio la nyumbu kutimka bondeni ni la dakika chache tu, lakini lilichukua zaidi ya miaka miwili ya kazi ya kompyuta, na kila sekunde inaonyesha. Vumbi linapanda, ardhi inatetema, mtoto anaonekana mdogo kama punje. Simba's Pride haina tukio la kukaribia hapo. Mandhari yake yamechorwa kwa mkono mwepesi na makundi ya wanyama yamepungua. Muziki wa Nick Glennie-Smith ni wa fundi anayejua kazi yake, ila haumshiki mtu kifuani kama ule wa Zimmer na sauti za Lebo M. Timon na Pumbaa wamepewa mizaha mingi kuliko hadithi inavyoweza kubeba. Tena kuna hao simba jike waliomfuata Scar: filamu ya kwanza haikuwaonyesha hata mmoja, na ya pili inatutaka tuamini kwamba walikuwapo siku zote.

Steringi naye amegawanyika. Kuna Kiara, binti wa Simba, na kuna Kovu, kijana aliyeteuliwa na Scar kuwa mrithi wake, ambaye mama yake amemlea kwa kisasi. Filamu haijaamua hadithi ni ya nani. Mapenzi yao, yaliyokopwa kwa Romeo na Juliet, yanakwenda mbio mno. Wimbo mmoja wa mashua na maua, na tayari mambo yamekwisha.

Lakini adui! Zira, mama yake Kovu na kiongozi wa simba hao wa Scar, ni miongoni mwa maadui bora waliowahi kuchorwa na Disney, na anastahili kutajwa pamoja na Scar. Kuna tukio moja ambalo peke yake linatosha kuitetea filamu hii. Kovu bado ni mtoto. Amelala ndani ya vichuguu vya mchwa, wafuasi wa Scar walikofukuziwa, nchi kame isiyo na swala. Mama anamwinamia na kumbembeleza kwa wimbo. Sauti ni ya kubembeleza kweli, ya mama yeyote mwenye mtoto mgongoni, ila ndani ya wimbo ule anaota vilio vya maadui zake wakifa. Mtoto anasinzia kwa raha. Suzanne Pleshette, aliyempa Zira sauti, anaimba bila kuzidisha, na ndiyo maana damu inasisimka. Scar alimchukia kaka yake kwa sababu ya kiti. Zira anampenda Scar aliyekufa, anampenda mwanawe, na upendo huohuo ndio anaougeuza silaha.

Mtoto wa Kiswahili, kwa bahati, anaingia akijua mengi. Akisikia majina Kovu, Zira, Nuka na Vitani, anajua upande upi una uchungu kabla hata hadithi haijachangamka. Bado, wahusika hawa wanaobeba majina yetu hawajawahi kuzungumza lugha yetu katika filamu hizi. Disney ilitia sauti za Kizulu kwenye filamu ya 1994. Kiswahili, kilichotoa majina na ule msemo wa hakuna matata ambao kampuni iliusajili kama alama yake ya biashara, hakikupata toleo lake. Pengo hilo lilizibwa kwa kiasi fulani na watafsiri wa vibandani, akina Lufufu na wenzake, waliozifafanulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Ni deni ambalo Disney bado haijalilipa.

Tukio la pili la kuangaliwa kwa makini ni hukumu ya Kovu. Simba ameviziwa na kundi la Zira na anaamini Kovu ndiye aliyempeleka mtegoni. Kijana anakuja mbele ya mwamba kuomba kusikilizwa. Wanyama wote wamekusanyika, twiga, pundamilia, swala, na wote wanamzomea. Simba anamfukuza. Kovu anapokimbia anapita juu ya maji, akitazama chini haoni uso wake. Anaona uso wa Scar.

Mtazamaji aliyeiangalia filamu ya kwanza jana yake anashtuka hapo. Huyu Simba ndiye yule mtoto aliyefukuzwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Sasa amekalia kiti, na analofanya ni lilelile alilofanyiwa. Hakuna mhusika anayelisema hilo kwa mdomo. Filamu inamwachia mtazamaji aligundue, na kwa filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto na rafu za madukani, huo ni ujasiri mkubwa. Filamu ya kwanza ilikwisha kwa mvua na mtoto kuinuliwa juu. Haikuuliza walioshindwa walikwenda wapi, walikula nini, waliwafundisha nini watoto wao. Ya pili inaanzia hapo hasa. Sehemu ya pili inayotafuta gharama ya ushindi wa sehemu ya kwanza imejua kazi yake, na nyingi hazijui.

Usambara inaijua gharama hiyo kwa majina na mahali. Kimweri ye Nyumbai, mkubwa kuliko Simba Mwene wote, alitawala kutoka Vugha kwa miaka mingi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852, na Richard Burton alipanda kumwona mwaka 1857. Aliweka wanawe kuwa machifu kila pembe ya nchi. Alipofariki, mwaka 1862 kwa hesabu ya Feierman, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Mmoja wa wana hao, Semboja, hakuridhika.

Ukisimama Irente, pale wageni wanapopigia picha, ukatazama chini kwenye tambarare kavu, unaitazama Mazinde. Huko ndiko Semboja alikojenga. Milimani kulikuwa na migomba, mvua na kiti cha heshima. Bondeni kulikuwa na njia ya misafara kwenda pwani, na njia hiyo ilileta bunduki. Semboja alizipata, akakusanya wapiganaji hadi kwa makabila ya nje, akampandia mwana wa ndugu yake. Vugha ikaanguka. Shekulwavu akakimbilia mashariki na hakurudi kwenye kiti chake. Semboja naye hakuketi Vugha. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, akabaki Mazinde na nguvu zake. Anayemkumbuka Zira, ambaye hataki taji juu ya kichwa chake ila juu ya kichwa cha Kovu, ataona kwamba hadithi ya namna hii ilishatendeka kati ya Vugha na Mazinde, na watu wa kweli wakafa.

Vita havikuisha kwa hotuba. Upande wa Shekulwavu uliwavuta majirani zao Wabondei, nao wakawainukia Wakilindi kwa jumla. Vijiji vilivamiwa, watu wakakamatwa na kuuzwa pwani. Ufalme uliokuwa ukiogopwa hadi karibu na bahari ulivunjika vipande, na Wajerumani walipofika waliukuta hivyo. Nguvu kwa nguvu, kama wazee walivyosema.

Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa Simba's Pride unapojitokeza. Makundi mawili yanakutana katika dhoruba, Kiara anaruka katikati, anamwambia baba yake kwamba wao na wale ni wamoja, na baada ya maneno machache simba wote wa Zira wanavuka upande wa pili. Zira peke yake anakataa, na mto unamchukua hata baada ya Kiara kumnyooshea mkono. Kifo hicho kimeandikwa vizuri. Upatanisho uliokitangulia haukuandikwa vizuri; umetolewa bure. Watu waliolala njaa vichuguuni kwa miaka, wakafundishwa chuki tangu kunyonya, hawageuki kwa sentensi tatu. Filamu ingetumia dakika kumi tu kuonyesha simba jike mmoja akisitasita, akipima maisha ya mwanawe upande huu na ule, ingekaa meza moja na filamu ya kwanza.

Hukumu basi ni hii. Kwa picha, muziki na mpangilio, Simba's Pride haiifikii The Lion King, na pengo ni kubwa. Kwa swali inalouliza, inaipita. Na ikilinganishwa na ndugu zake wa baadaye, inasimama vizuri. The Lion King 1½ ya 2004 inachekesha, ila ni hadithi ileile ikitazamwa kwa macho ya Timon na Pumbaa. Mufasa ya Barry Jenkins, iliyotoka Desemba 2024, inarudi nyuma kueleza jinsi Taka alivyogeuka kuwa Scar. Wanyama wake wanafanana na wa hifadhi ya Mkomazi kabisa, na kwa sababu hiyohiyo nyuso zao haziwezi kubeba machungu ambayo penseli ya 1998, pamoja na haraka yake, iliweza kumpa Zira.

Mzazi wa Lushoto anayetaka kuziangalia na wanawe afanye jambo moja katikati. Baada ya ile ya kwanza, kabla ya ile ya pili, awasimulie kuhusu Mbegha na Kimweri ye Nyumbai, na siku ya jua awapeleke Irente awaonyeshe Mazinde kwa kidole. Wenye umri chini ya miaka sita wasiachwe peke yao: kifo cha Mufasa kinawakalia watoto moyoni, na kile cha Nuka, anayefukiwa na magogo mbele ya mama yake, nacho si chepesi.

Lililobaki ni la watengenezaji wetu. Ubongo Kids ilipoanza kurushwa mwaka 2014 kutoka Dar es Salaam, ilionyesha kwamba katuni ya Kiswahili iliyotengenezwa na Watanzania inaweza kupendwa na watoto mpaka nje ya mipaka. Mwaka 2023 Kizazi Moto iliwapa wachoraji wa Kenya, Uganda na nchi nyingine nne za Afrika filamu fupi kumi kwenye Disney+. Jina lilikuwa la Kiswahili, Tanzania haikuwamo. Mikono ipo. Hadithi nayo ipo kwa maandishi tangu zamani: Abdallah bin Hemedi, aliyemjua Semboja na kukaa kwake, aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, ikachapwa kwa vipande na wamisionari wa Magila kati ya 1895 na 1907, ikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Humo mna mwindaji na mbwa wake, simba aliyeuawa, mfalme mzee, mjukuu aliyefukuzwa na baba aliyemtawaza mwanawe huku yeye akikaa bondeni. Ni sehemu ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Mwenye studio, mwenye mtaji, mwenye kalamu: soma kitabu hicho mwaka huu, panda Vugha ukazungumze na wazee, kisha umchore Simba Mwene, na umpe sauti ya Kiswahili.